Nilifua Nepi Ili Watu Wasijue

Wiki iliyopita niliishia pale mama watoto alipokuwa ameketi kitandani, mtoto analia pembeni yake, akaniambia bila hata kugeuza shingo, "Mchukue. Mikono yangu haimjui huyu." Mtoto alikuwa wa miezi miwili. Ninayosimulia leo yalitokea alipotimiza saba.

Kwa wewe uliyeanza leo: mimi ni mgane, shule niliishia darasa la nne, na wakati huo nilikuwa dobi wa hospitali. Mke wangu alianza kuzimika baada ya kumzaa mtoto wetu wa pili. Si homa, si kidonda. Alizimika kama jiko linavyozimika, taratibu, huku sisi tumekaa tunaliangalia. Wauguzi waliniambia ni uchovu wa uzazi, utapita.

Wapo waliotuma ujumbe hapa gazetini wakauliza: na wewe mume ulikuwa wapi?

Nawajibu leo. Nilikuwa nafua.

Tulipanga chumba kimoja kwenye nyumba ya vyumba sita. Ua mmoja, bomba moja, kamba moja ya kuanikia. Ukiishi hivyo, kamba ndiyo cheti chako. Watu wanaisoma kila asubuhi kuliko wanavyosoma gazeti hili.

Siku moja nikamsikia jirani yetu, mama mmoja mshona nguo, anamwambia mwenzake, "Mwanamke gani nepi zinalala siku mbili kwenye beseni? Akijaliwa wa tatu si tutahama?"

Wakacheka. Dirisha letu lilikuwa wazi. Nikamwangalia mke wangu. Alivuta shuka akajifunika kichwa.

Kuanzia kesho yake nikawa naamka kabla ya adhana, nafua kila kitu, naanika, narudi ndani kimya kama mwizi. Ua likiamka, kamba imejaa, nyeupe pe. Kufua ndiyo kazi pekee ninayoijua, na naijua vizuri.

Haikupita wiki mbili sifa zikaanza. "Mama Waziri siku hizi mwanamke wa shoka." "Mtu ana mtoto mchanga na bado anatushinda." Mshona nguo mwenyewe akanisimamisha: "Shemeji, mpe mkeo pole. Anajituma."

"Zimefika," nikasema.

Waziri ni binti yetu wa kwanza, miaka tisa. Jina hilo nilimpa mimi kwa utani, maana ndiye aliyekuwa anaendesha serikali ya chumba kile. Yeye alichemsha maji ya chupa, yeye alipima maziwa ya unga, yeye alijua mdogo wake amekula saa ngapi. Na nilimfundisha sentensi moja.

"Mtu akiuliza mama yuko wapi?"

"Amejinyoosha kidogo, amechoka kufua."

"Hivyo hivyo. Usiongeze neno."

Mimi ndiye niliyemfundisha. Sikulazimishwa na mtu.

Huyo mdogo wake majirani walimwita Mzee, kwa sababu ya ule uso wake. Halii, hacheki, anakuangalia kama anangoja umalize kusema aondoke zake. "Mna bahati," watu walituambia, "mtoto mtulivu namna hii." Kliniki kila mwezi alipimwa, uzito unapanda, muuguzi anaandika, anarudisha kadi. Mizani ilipima kilo. Haikupima kwamba mama yake akipita mbele yake hageuzi hata jicho. Akipita Waziri, anageuka mwili mzima.

Sasa sikia kilichonizindua.

Jumatatu moja mashine kubwa ya kufulia iligoma, tukaruhusiwa kutoka mapema. Nafika nyumbani saa nne asubuhi, nakuta Waziri amekaa kizingitini amevaa sare ya shule, Mzee mapajani. Miguu ameinyoosha kutoka mwimo hadi mwimo. Ili utoke, lazima umruke.

"Mbona huko shule?"

"Mama leo ana macho ya mlangoni."

"Macho gani hayo?"

"Kuna siku anaangalia ukuta. Siku za ukuta naenda shule. Akiangalia mlango, siendi."

"Tangu lini?"

Akahesabu kwa vidole, vikaisha, akaanza upya. "Siku kumi na moja, baba. Lakini si za kufuatana."

Nilisimama pale na kofia mkononi. Mtoto wa miaka tisa amejifanya komeo la mlango, na mimi naanika nepi.

Ndani mke wangu alikuwa ameketi, na kweli alikuwa anaangalia mlango. Nikamuuliza, "Unataka kwenda wapi?"

"Sitaki kwenda mahali," akasema. "Nataka kutokuwepo tu."

Hapo ndipo nilipoamua kusema. Basi wasikieni wakubwa wetu wanavyopanga mambo.

Daktari wa akili alikuwa anakuja hospitali yetu mara moja kwa mwezi, Alhamisi ya mwisho, asubuhi tu. Kumwona, unataka barua ya mhudumu wa afya anayetembelea nyumba za waliojifungua. Barua hiyo igongwe muhuri na Matroni, mkuu wa wauguzi. Bila muhuri huoni hata kivuli cha daktari. Hiyo ilikuwa Jumatatu. Alhamisi ya mwisho ilikuwa siku tatu mbele. Ikinipita, mwezi mzima mwingine wa kizingiti.

Aliyekuwa anatembelea nyumba za mtaa wetu tulimwita Dada Daftari. Nilimkuta kwenye geti la kliniki.

"Shemeji," akaniwahi, "mkeo ni mfano. Juzi kwenye kikao nimemtaja."

"Mke wangu anaumwa."

Akacheka. "Anaumwa nini?"

"Haongei. Haamki. Mtoto hamshiki."

Akafungua daftari, akalamba kidole, akafika kwenye ukurasa wetu. Akanisomea: "'Nyumba safi. Nepi zimeanikwa mapema. Mama anajiweza. Hakuna tatizo.' Miezi sita, shemeji, hakuna tatizo."

"Uliingia ndani ukamwona?"

"Nina nyumba sitini. Nyumba ikiwa na kamba kama ile naingia kutafuta nini? Nilikuwa naulizia hapo ua, binti yako ananijibu mama amejinyoosha, amechoka kufua. Naandika. Naenda."

"Basi andika upya."

Akafunga daftari. "Nikibadilisha leo, wataniuliza miezi sita nilikuwa naandika nini. Una ugomvi na mkeo, yamalizeni. Usinipeleke mimi kwa wakubwa."

Simlaumu sana. Waliompa nyumba sitini na kalamu moja ndio ninaowalaumu, na wao hawajawahi kukaa kwenye kizingiti cha mtu.

Alhamisi nikawabeba wote bila barua. Mke wangu alitembea kama anayetembea ndani ya maji. Waziri alimfunga Mzee mgongoni, na mkono mmoja alishika nguo ya mama yake njia nzima. Hakuiachia hata tulipovuka barabara.

Foleni ilikuwa ndefu. Matroni alikuwa ameketi mwanzoni mwake, muhuri mbele yake kama mfalme na fimbo.

"Dobi," akasema, "mashuka ya wadi ya pili yako wapi?"

"Leo sikuja kwa mashuka, Matroni. Nimemleta mke wangu kwa daktari wa Alhamisi."

"Barua?"

"Sina."

Akamwita Dada Daftari, ambaye hakuwa mbali. Daftari likafunguliwa. Matroni akasoma kwa sauti, foleni nzima ikasikia. Hakuna tatizo, hakuna tatizo, hakuna tatizo.

"Dobi, hapa pana mama anayefua kabla ya jogoo. Mgonjwa wa sonona hafui hivyo."

Ndiyo mara ya kwanza kulisikia neno lile. Sonona. Mtu alikuwa analijua siku zote, na alikuwa ananisubiri nije na karatasi ndipo alitamke.

"Hafui yeye," nikasema. "Nafua mimi."

Kicheko kilianzia nyuma ya foleni kikaja mbele. Rafiki yangu wa kazini, mtu wa boila tunayemwita Mvuke, alikuwa anapita na toroli la mashuka. Akasimama. "Kaka, kutwa nzima unafua huku, alfajiri tena unafua kwako? Wewe ukifa watakuanika."

Watu wakacheka zaidi. Mke wangu alikuwa anaangalia sakafu. Waziri alikuwa anaangalia midomo ya watu, mmoja mmoja.

"Mwanaume hafui nepi miezi saba watu wasijue," Dada Daftari akasema. "Anatafuta kunichongea tu."

Nikawaeleza yote mbele ya foleni: sentensi niliyomfundisha Waziri, na siku kumi na moja alizokosa shule akilinda mlango. Shahidi wangu mmoja alikuwa mtoto niliyemfundisha uongo, na mwingine alikuwa haongei.

Sijui kitu gani kilimgusa Matroni. Alimgeukia Dada Daftari akamuuliza, "Hizo nepi zilikuwa zinaanikwaje?"

"Zinaanikwaje? Kwenye kamba."

"Nionyeshe."

Dada Daftari akachukua taulo mbili za mezani. Kwanza akaziweka kando kwa kando, halafu akasita. "Hapana, zilikuwa hivi." Akaipandisha pembe ya moja juu ya pembe ya nyingine. "Kibanio kimoja kinashika mbili. Na upindo wote unaangalia ukutani. Ndiyo maana nilikuwa nazipenda, zilikaa mstari mmoja."

Matroni akazivuta zile taulo karibu, akaigusa pembe iliyo juu.

Utaratibu ule ni wake. Miaka minne nyuma vibanio vilipungua hospitali, akaja dobini mwenyewe kutufundisha: pembe juu ya pembe, kibanio kimoja, upindo ukutani ili chapa ya hospitali isififishwe na jua. Hakuna mama mtaani anayeanika hivyo. Nepi za nyumbani zina chapa gani? Mikono yangu ilikuwa imezoea tu, ikafanya vile vile gizani.

"Mvuke," akasema, "nani mwingine anaanika hivi?"

"Sisi tu, Matroni. Na wewe."

Hakuna aliyecheka tena. Akavuta karatasi, akaandika mwenyewe, akagonga muhuri. Akinikabidhi akasema, "Kumbe miezi yote hii ulikuwa unatudanganya, dobi."

Nami nikainamisha kichwa, nikasema samahani. Hadi leo najiuma vidole. Kwa nini sikumwambia kwamba na wao miezi yote hiyo walikuwa wanaangalia kamba?

Chumba cha daktari kilikuwa na pazia badala ya mlango. Alikuwa kijana, amechoka, lakini alivuta kiti akakaa karibu na mke wangu, magoti yanakaribia kugusana. Kwanza alimpokea Mzee, akampungia kalamu mbele ya macho, akamwimbia kidogo. Mzee akamtazama na ule uso wake. Daktari hakutabasamu. Akamrudishia Waziri, akamwambia, "Mama, mkakae kwenye benchi hapo nje."

Alimwita mama. Hakuna aliyeona ajabu.

Halafu akamuuliza mke wangu, "Mara ya mwisho kucheka na huyu mtoto ilikuwa lini?"

Nilidhani hatajibu.

"Sijawahi kucheka naye."

"Ukiwa peke yako nao unawaza nini?"

"Kwamba wangepata nafuu kwa mtu mwingine." Sauti yake ilikuwa kavu, kama haijatumika. "Yule mkubwa anaingia ndani ananiangalia uso kwanza, ndipo anajua kama atavua viatu au la. Mtoto wangu ananiogopa. Mdogo hata haniogopi, hanijui. Nakaa nawaza, kwa nini niwepo?"

Miezi saba nilikuwa sijasikia maneno mengi hivyo kutoka kwake, na hakuniambia mimi.

"Mama, huu ni ugonjwa," daktari akasema. "Si uvivu, na si kwamba huna upendo. Umekuangukia kama malaria inavyomwangukia mtu. Unatibika. Na watoto nao huwa wanarudi, ukirudi wewe."

Mke wangu aliinua macho akamtazama. Sitasahau. Alimtazama kama mtu aliyeitwa jina lake na mtu asiyemfahamu. Mimi nililia, nikajifuta kwa ile barua, nikachafua muhuri.

Furaha yangu haikufikisha nusu saa.

Daktari akaandika alazwe hospitali kubwa siku ile ile. Gari linaondoka saa sita. Matroni akaja na mama mmoja wa ustawi wa jamii, mwenye miwani na faili.

"Watoto watabaki na nani?" mwenye miwani akauliza. "Wadi ile haipokei mtoto."

"Na mimi, baba yao."

"Kazi unaingia saa ngapi?"

"Saa kumi na mbili na nusu."

"Mama mkwe?"

"Marehemu."

"Ndugu wa karibu?"

Nikamtaja dada yangu. Safari ya siku mbili. Akatikisa kichwa, akaandika.

"Binti amekosa shule siku kumi na moja kulinda mlango," akasema. "Wewe ulijua?"

"Nimejua Jumatatu."

"Na umemficha mgonjwa miezi saba, ukamfundisha mtoto kudanganya mhudumu. Haya umeyasema mwenyewe mbele ya watu thelathini." Hakusema kwa ukali. Ingekuwa afadhali angekuwa mkali. "Watoto watakwenda kituoni kwa muda, mpaka mama apone."

"Muda gani?"

"Kwa muda."

"Pamoja?"

Akapekua faili. "Wachanga wana kituo chao."

Daktari akasema kwamba hilo linaweza kusubiri, Matroni akasema haliwezi, utaratibu ni mmoja. Karatasi zilikuwa mbili zimeshikwa kwa pini: ya mke wangu kulazwa, na ya watoto kuchukuliwa. Ukisaini, unasaini zote. Usiposaini, unawarudisha wote watatu nyumbani, na daktari mpaka mwezi ujao.

Nikasema, "Nifukuzeni kazi nikae nao mwenyewe."

"Ukae nao mnakula nini?" Matroni akauliza.

Kuna watu walikaa mahali wakafikiri, wakaandika kwamba mama atibiwe na watoto wagawanywe, wakaita utaratibu. Nimewatafuta sana watu hao. Huwa hawana ofisi.

Mke wangu akanishika kiganja. Mkono wake ulikuwa baridi.

"Saini, baba Waziri," akasema. "Nimechoka kuangalia wanavyoniangalia."

Nilisaini. Jina langu nalijua kuliandika, herufi moja moja. Naandika polepole, na kalamu ile ilikuwa inakwaruza, na pazia lilikuwa linacheza kwa upepo, na hakuna hata mmoja wetu aliyekuwa amepunguza sauti muda wote ule.

Nikatoka kuwaambia watoto.

Benchi lilikuwa tupu. Kilikuwepo kiatu kimoja cha Mzee, chini, kimelala ubavu.

Nikaangalia kulia, nikaangalia kushoto. Foleni ikanitazama. Mama mmoja akaelekeza kwa kidevu kule korido inakoelekea dobini. Nikakimbia. Mvuke alikuwa anapakua mashuka.

"Umemwona Waziri?"

"Amepita sasa hivi na mdogo wake mgongoni. Kaniuliza mlango wa nyuma." Akaona uso wangu, akaweka shuka chini. "Nikamwonyesha, kaka. Nilidhani umemtuma wewe."

Mlango wa nyuma unatokea barabara kuu. Nilisimama pale. Magari, watu, wachuuzi, akina mama wengi wana watoto mgongoni. Nikaita. Niliita lile jina la utani, halafu nikaita jina lake lenyewe, ambalo nilikuwa sijalitumia miezi.

Nyuma yangu honi ya gari la wagonjwa ikalia. Nikarudi mbio uani. Mlango wa gari ulikuwa bado wazi, mke wangu ameketi ndani kati ya muuguzi na yule mwenye miwani. Alikuwa ameinama mbele, ananitafuta.

"Baba Waziri," akasema, "wako wapi? Nileteeni niwashike kabla hatujaondoka."

Tangu ajifungue alikuwa hajawahi kuomba kumshika mtoto. Dereva alikuwa ameshawasha gari, na wote watatu walikuwa wananisubiri niseme.